Nimefika Macquarie, kisiwa cha Isobel, Hope, Mary na Susan

Kwanza niwaambie kilipo, maana hata hapa Australia ninapoishi wengi hawakijui. Chukua ramani, anzia Tasmania, shuka kusini mashariki kama kilomita 1,500 kwenye maji matupu, ukiwa nusu ya njia kuelekea barafu ya Antaktika utaona kijistari chembamba kimesimama wima, urefu wake kilomita 34 na upana haufiki sita hata pale kilipotanuka zaidi. Ndio Macquarie hiyo. Mti hakuna hata mmoja, kijiji hakuna, uwanja wa ndege hakuna, gati hakuna, mvua inanyesha zaidi ya siku 300 kwa mwaka na baridi yake ni ile ile kiangazi na kipupwe, nyuzi nne tano hivi. Kiserikali ni sehemu ya Tasmania, ni hifadhi, na mtalii haruhusiwi kulala kisiwani, unashuka na boti ya mpira unazunguka na walinzi wa hifadhi alafu unarudi melini kwako.

Mie ni mtu wa Jambiani, Unguja. Nimesoma sayansi za bahari na saivi nafanya kazi maabara Melbourne, na hamu ya Macquarie iliniingia siku nilipokuta picha ya zamani ya wanawake wanne waliokwenda kule Desemba 1959. Isobel Bennett, Hope Macpherson, Mary Gillham na Susan Ingham. Nilisoma bahari miaka yote ile darasani na majina haya sikuwahi kuyasikia, hata moja, na nilipoanza kuwafuatilia nikawa silali, kila nikipata muda natafuta habari zao, mwisho nikasema lazima nikaone kwa macho yangu walipofanyia kazi.

Wakati ule Australia ilishakua na kituo cha utafiti Macquarie tangu 1948. Kila mwaka meli inakwenda kubadilisha watu na kupeleka chakula na mafuta, na wote wanaopanda ni wanaume. Wanawake walikua wanaambiwa hakuna malazi yao, hakuna vyoo vyao, kazi ni ngumu, na maneno kama hayo. Hata hivo wenzao walishaanza, Maria Klenova, mtaalamu wa jiolojia ya bahari wa Kisovieti, alikwenda Antaktika kwenye msafara wa 1955-56 na akafanya kazi yake vizuri tu. Kwaiyo 1959 ndio idara ya Antaktika ya Australia ikakubali kuwapakia hawa wanne kwenye Thala Dan, meli ya Denmark iliyokodiwa, lakini wakaambiwa wazi kabisa kwamba mwenendo wao kule ndio utakaoamua kama mwanamke mwengine ataruhusiwa kwenda tena au la. Hebu fikiria mtu unakwenda kuhesabu konokono umebebeshwa mzigo wa wanawake wote wa nchi nzima begani, ukiteleza wewe basi mlango umefungwa kwa ambao hata hawajazaliwa. Mwanaume gani aliyepanda meli ile aliambiwa maneno hayo? Linaniuma hili, wallahi, na niliendelea kulifikiria safari nzima.

Haya, safari yenyewe. Meli nyingi za watalii zinazokwenda Macquarie zinatokea Bluff, kusini kabisa mwa New Zealand, na ndiko nilikopandia mie. Nilipata nafasi ya vijana, zile ambazo kampuni ya meli inatoa kwa bei ya punguzo, bila hivo nisingeweza kulipa. Kabla hatujafika popote kazi ya kwanza ilikua usafi. Tuliambiwa tulete sebuleni kila kitu tutakachovaa kisiwani, makoti ya mvua, mabegi, kofia, soksi, gambuti, alafu ikaanza kazi ya kutoa mbegu. Unakaa na kijiti unachokonoa zile nata za Velcro kwenye mikono ya koti, unapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye mifuko, unakagua mishono, mtu anakukagua tena, alafu viatu vinasuguliwa na kutumbukizwa kwenye dawa kila ukishuka na kila ukipanda. Abiria mmoja mzee alilalamika kwamba ni usumbufu. Mie sikuona usumbufu, kisiwa kile kimeteswa na vitu vilivyoletwa na watu kwa zaidi ya miaka mia moja, nitakuja kueleza, kwaiyo hata ningeambiwa nikague soksi mara kumi ningekagua.

Njiani tulipita visiwa vya Snares, hivyo hamna kushuka kabisa, alafu Enderby kwenye visiwa vya Auckland ambako tuliwaona simba wa bahari wamelala kwenye majani na ngwini wa macho ya manjano wanapita kwa kuibia ibia. Pazuri sana lakini mie akili yangu ilikua kusini.

Kutoka hapo bahari ikabadilika. Hizi latitudo za hamsini huku kusini karibu hazina nchi ya kuzuia upepo, unazunguka dunia karibu nzima bila kugonga kitu, na mawimbi yanakuja marefu mno, meli inapanda inashuka inapanda inashuka usiku kucha mpaka vyombo vya jikoni unavisikia vinasogea. Mie nimezaliwa pwani, nimepanda ngarawa tangu mdogo, lakini bahari hii ilinilevya, nikawa nasali nimekaa kitandani nimeshika nguzo, nikimuuliza ofisa wa zamu kila wakati meli imeelekea wapi nijue kibla. Nje ya dirisha albatrosi walikua wanafuata meli bila kupiga bawa, wanakwenda tu na upepo, saa nzima. Nikawa nawafikiria wale wanne kwenye Thala Dan. Hope na Isobel walikua wamezoea boti, kazi yao ilikua ya baharini, lakini hakuna anayezoea maji yale.

Tulifika asubuhi mapema, ukungu umeshuka mpaka nusu ya milima, na kabla ya kukiona kisiwa tulikisikia. Kelele. Alafu harufu. Kila mtu alitoka kwenye sitaha na suruali za kulalia. Ukungu ulipopasuka tukaona ukuta wa kijani kibichi unatoka moja kwa moja baharini, na pembeni ya maji mstari mweupe mrefu ambao nilidhani ni povu kumbe ni ngwini.

Kushuka kwetu kwa kwanza kulikua Sandy Bay, upande wa mashariki. Walinzi wa hifadhi wa Tasmania walikuja kwanza melini kutupa masharti. Usimsogelee mnyama chini ya mita tano, usikae njiani kwao, usile chochote kisiwani, usiokote hata jiwe. Ila wanyama wao hawajui sheria ya mita tano. Nilipokanyaga tu mchanga ngwini wafalme wakaja, warefu kufika kiunoni, shingo ina rangi ya machungwa, wanasimama mbele yako wanakutazama jicho moja alafu jicho jengine, mmoja akadonoa kamba ya koti langu taratibu. Nilibaki nimesimama machozi yananitoka na sikuona haya. Sili tembo wamelala makundi makundi kwenye matope, wakati ule wanabadilisha ngozi, wanapiga chafya wanajikuna wanapigana kidogo wanalala tena, na hao ni wadogo na majike, madume makubwa yanafika tani tatu na zaidi.

Juu ya ufukwe kuna njia ya mbao inapanda kwenye koloni la ngwini wa aina nyengine, royal wanawaita, uso mweupe na manyoya ya manjano yaliyosimama juu ya macho. Hawa hawazaliani sehemu nyengine yoyote duniani, ni Macquarie na vile visiwa vidogo vya jirani basi, na hapa wako karibu jozi laki nane. Wanapanda kutoka baharini kwa kufuata kijito, mguu kwa mguu, wanaopanda wameshiba na wanaoshuka wana njaa, wanapishana pale pale kwenye maji, na juu vifaranga vinawasubiri. Ukiona hivi ndio unaelewa kwa nini Susan Ingham alikua na kiu ya kuja. Yeye alikua mfanyakazi wa idara yenyewe ya Antaktika pale Melbourne na alishughulika na takwimu za sili, kwenye 1960 alichapisha makala kuhusu hali ya sili kwenye vituo vya Australia huku kusini. Vituo vyenyewe vilikua vya wanaume watupu. Mtu unashinda na namba za wanyama, unajua idadi zao kwa mwaka na kwa ufukwe, na kuwaona hujaruhusiwa, mpaka 1959.

Sasa nije kwenye kilichonipeleka hasa, ambacho abiria wengi walikipita bila kukitazama. Miamba ya pwani. Muongozaji wetu alipoona nimeinama pale kwa muda mrefu akaniruhusu nibaki na mlinzi mmoja wa hifadhi, mwanamke, wakati wengine wanapanda kwenye koloni kwa mara ya pili. Kwetu Jambiani bamvua likifika bahari inakwenda mbali mpaka wanawake wanaonekana wadogo wadogo kule kwenye mwani, maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Macquarie maji hayashuki hivo, tofauti ya kujaa na kupwa haizidi mita moja sana sana, kwaiyo kinachopanga nani aishi wapi mwambani ni mawimbi. Na yamepangika kweli kweli. Juu kabisa kuna ukoga mweusi umegandia jiwe, chini yake mwani mwembamba wa Porphyra ambao ukikauka unang'aa, alafu ukanda mtupu ambao hauna karibu kitu, alafu ukanda mwekundu wa mwani mfupi, alafu chini kabisa yule mwani mkubwa wa Durvillaea, majani yake mapana na mazito kama mikanda ya ngozi, yanapigwa na wimbi yanapinduka yanarudi bila kukatika. Kwenye mianya wamo konokono wa kofia waliogandia mwamba na wale wenye vigae vinane mgongoni.

Hapa ndipo Isobel Bennett na Hope Macpherson walipofanya kazi. Mkono ndani ya maji ya nyuzi tano, gambuti zimejaa maji, wimbi likija unashika mwani, likiondoka unaandika. Wakati huu wa mwaka mwanga upo mpaka usiku, kwaiyo siku ya kazi ni ndefu mno, na muda wao kisiwani ulikua mfupi, wanasubiri meli imalize kushusha mizigo tu.

Ngoja niwaeleze Isobel ni nani maana yeye ndiye ameniteka zaidi. Kazaliwa Brisbane 1909, shule kaacha ana miaka 16 kwa sababu nyumbani pesa ya ada hamna, akafanya kazi za ukarani. 1932 akapanda meli ya matembezi kwenda kisiwa cha Norfolk, huko melini akajuana na familia ya profesa William Dakin, mkuu wa zoolojia Chuo Kikuu cha Sydney, na baada ya hapo akaajiriwa kumsaidia. Alianza na makaratasi, alafu maktaba, alafu boti, alafu akawa anawafundisha wanafunzi wa chuo viumbe vya pwani, wakati yeye mwenyewe hana digrii hata moja. Dakin alipofariki 1950 kitabu chake kikubwa cha fukwe za Australia kilikua hakijaisha, Isobel ndiye aliyekimalizia na kikatoka 1952. Chuo kikaja kumpa shahada ya heshima ya uzamili 1962, baada ya Macquarie. Kisiwani alikwenda mara nne kwa jumla na 1971 akatoa kitabu kizima kuhusu fukwe zake. Amefariki 2008, karibu atimize miaka mia.

Mie nilikua nimeinama pale kwenye ukanda mwekundu na nikamkumbuka mama yangu. Mama amelima mwani tangu kilimo kilipoanza kwetu mwishoni mwa miaka ya themanini. Anajua kila bwawa la mwamba kule Jambiani, anajua pweza anahamia wapi kusi likianza kuvuma, anajua maji yakiwa ya moto mwani upi unakufa kwanza, na wataalamu wakija kijijini wanamuuliza, wanaandika, wanaondoka. Jina lake haliandikwi. Sikatai kusoma, mie mwenyewe nimesoma na nilisomeshwa kwa pesa ya mwani huo huo, lakini nikiona alichokifanya Isobel bila cheti najua kina mama wangapi wa pwani yetu wangeandika vitabu kama angetokea mtu mmoja tu akawapa meza na boti.

Hope yeye alikua na kazi yake rasmi, msimamizi wa mkusanyiko wa konokono, kombe na chaza kwenye makumbusho ya taifa ya Victoria tangu 1946, mwanamke wa kwanza pale kushika nafasi kama hiyo. Huyu habari yake ilinikasirisha mpaka nikafunga kompyuta siku niliyoisoma. 1962 ametoa kitabu cha konokono na kombe wa bahari ya Victoria pamoja na Charles Gabriel, amekwenda Macquarie, ameujenga ule mkusanyiko, alafu 1965 kaolewa, na kwa sheria ya wakati ule mwanamke wa serikali akiolewa anaacha kazi. Basi akaacha. Mwaka uliofuata, 1966, serikali kuu ya Australia ikaondoa kizuizi kama hicho kwa wafanyakazi wake. Akaenda kuwa mwalimu, akafundisha miaka mingi, amefariki 2018. Sijui nani alifaidika kwa kumtoa mtu kama yule kwenye makabati yale ya konokono. Hakuna.

Mchana tulikwenda Lusitania Bay kwa boti, kushuka pale hairuhusiwi, unaangalia ukiwa majini. Ngwini wafalme wamejaa kuanzia kwenye maji mpaka kwenye majani ya mlimani, zaidi ya laki moja, na katikati yao yamesimama matangi ya chuma yenye kutu. Yale matangi ndiyo yalikua yanachemshia ngwini kutoa mafuta. Kisiwa kiligunduliwa 1810 na Hasselborough, nahodha wa wawinda sili, na ndani ya miaka kumi hivi sili wenye manyoya walikua wameshamalizwa karibu wote kwa ajili ya ngozi, wakahamia kwa sili tembo, alafu kwa ngwini. Mfanyabiashara Joseph Hatch wa Invercargill ndiye aliyeendesha biashara hiyo mpaka 1919 vibali vilipokatwa baada ya watu kupiga kelele. Koloni hilo la Lusitania lilibaki na ngwini kama 4,000 tu. Boti ilizimwa injini tukaelea. Ngwini walikua wanaogelea chini yetu, wanachomoza, wanatuzunguka, na wengine nchi kavu wameegemea kabisa lile tangi.

Siku ya pili upepo uliruhusu tushuke kaskazini penye kituo, pale kisiwa kinapobana kikawa kipande chembamba cha mchanga, bahari huku na bahari huku. Sili wamelala mpaka milangoni mwa nyumba na watu wanawazunguka. Wakatukaribisha chai na skonzi za moto na jamu, nikala tatu. Kituo kina watu wachache, wa hali ya hewa, mafundi, walinzi, daktari, watafiti, na wanawake walikua wengi tu kati yao. Niliwauliza kama wanajua habari za wale wanne, wanazijua vizuri, na yule mlinzi aliyekaa na mie mwambani ndiye aliyenieleza yaliyofuata baada yao.

Yaani mlango ulifunguka lakini taratibu mno. Baada ya 1959 wanawake waliendelea kupata nafasi Macquarie wakati wa kiangazi. Nel Law, mke wa Phillip Law aliyekua mkurugenzi wa idara, alikanyaga Antaktika yenyewe 1961. Wa kwanza kukaa Macquarie mwaka mzima pamoja na kipupwe alikua daktari, Zoe Gardner, 1976, miaka 17 baada ya Thala Dan! Huko barafuni Louise Holliday, naye daktari, alikaa kituo cha Davis mwaka mzima 1981. Na 1989 ndio wakaja viongozi wa vituo, Diana Patterson kule Mawson na Alison Clifton hapa hapa Macquarie. Hesabu miaka kutoka ile picha mpaka mwanamke kuongoza kituo, thelathini.

Tulisimama Buckles Bay tukitazama maji na mlinzi akanionyesha upande ilipokwama Nella Dan Desemba 1987. Meli hiyo ilipewa jina la huyo huyo Nel Law. Ilipiga mwamba wakati inashusha mafuta, ikamwaga kama lita 270,000, na ikazamishwa mkesha wa Krismasi. Viumbe vya mwambani vikafa vingi sana, konokono, vigae vinane, kaa wadogo, wanasukumwa ufukweni kwa mafungu. Fukwe zile zilizokufa ni zile zile ambazo Isobel alikua ameshaziandika kitabuni, ukanda kwa ukanda. Ndio maana nasema kuhesabu konokono sio kazi ndogo, siku likitokea la kutokea hakuna njia nyengine ya kujua ulichopoteza.

Mary Gillham nimemuacha mwisho kwa sababu yeye nilimuona kila mahali bila kumtafuta. Alizaliwa London 1921, wakati wa vita alilima mashambani kwenye jeshi la wanawake wa ardhi, alafu akasoma botania Wales na utafiti wake wa udaktari ulikua namna ndege wa baharini wanavyobadilisha mimea ya visiwa. Kwaiyo Macquarie kwake ilikua ndio penyewe, maana mimea ya hapa inaishi kwa mbolea ya ndege, chumvi ya upepo na miguu ya sili. Na sungura. Wawinda sili waliwaleta sungura miaka ya 1870 wawe kitoweo, na paka na panya wakaja pia, na sungura wakala kisiwa. Miaka ya 2000 walikua wameshapita laki moja, milima imebaki udongo, na 2006 mvua kubwa ikaporomosha mlima juu ya koloni la ngwini pale Lusitania.

Serikali za Australia na Tasmania zikatoa karibu dola milioni 25. Helikopta zikamwaga chambo cha sumu kisiwa kizima, walianza 2010 hali ya hewa ikawakatalia, wakarudi 2011 wakamaliza, wakaachia na ugonjwa wa sungura, alafu wakaja watu na mbwa wa kunusa wakatembea kila bonde mpaka wa mwisho. Ndege zaidi ya 2,000 walikufa kwa ile sumu, na hilo walinzi hawalifichi, walituambia wenyewe. Aprili 2014 kikatangazwa hakina sungura, panya mkubwa wala panya mdogo. Matokeo yake ndio huo ukuta wa kijani niliouona kutoka melini. Majani marefu ya Poa yananifika kifuani, na kabichi ya Macquarie ina majani mapana ya kung'aa, ndiyo mabaharia wa zamani walikua wanaila wasiugue kiseyeye. Mary alitoa kitabu chake cha kiangazi kile 1967 na akaishi mpaka 2013, mwaka mmoja tu kabla ya tangazo. Ningetamani angeongezewa huo mmoja.

Ila sio kila kitu kimepona. Juu kwenye uwanda kuna mmea mfupi wa duara unaokua milimita chache tu kwa mwaka, Azorella macquariensis, hauko popote duniani ila hapa. Kuanzia 2008 hivi ukaanza kufa, mabaka ya manjano alafu kahawia alafu upepo unachukua udongo. Mwanamke tena ndiye aliyeongoza kulichunguza hili, Dana Bergstrom na wenzake, na walichokiona ni kwamba hali ya hewa ya uwandani imebadilika, majira ya kiangazi yamekua makavu na yenye upepo, mmea umedhoofika na maradhi yakaingia. Sisi hatukupanda kule, watalii hawaendi, lakini mlinzi alinionyesha picha kwenye simu yake ya eneo moja, ya zamani na ya saivi. Nilimrudishia simu sikuwa na neno.

Tulipofika Bluff jambo la kwanza nikampigia mama. Alitaka kujua kila kitu, wanavaa nini, wanakula nini, sili ananuka vipi. Nikamsimulia Isobel. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Mwanangu, na huko anasubiri bamvua au anaingia tu?" Nikamwambia mama huko hakuna bamvua la kusubiri, wimbi likirudi ndio nafasi yako. Akasema, "Basi huyo mama alikua hodari." Alafu akaanza kuniuliza habari za wale konokono wa kofia, wakubwa kiasi gani, wanashikilia sana, wanaliwa? Tuliongea mpaka salio likaisha, nikaongeza tukaendelea. Tumekubaliana nikija likizo tutaweka kamba kwenye mwamba wa mbele ya nyumba tuanze kuandika kilichopo, mie na yeye na wenzake wa shamba la mwani, na jina lake litakua la kwanza juu ya karatasi.

Kwa anayetaka kwenda, msimu ni Novemba mpaka Februari, meli zinatoka Bluff, Dunedin au Hobart, na bei ni kubwa mno kwaiyo angalia zile nafasi za vijana mapema, zinaombwa kwa kuandika barua na zinaisha haraka, hasa nyie dada zangu mnaosoma bahari Buyu kule Unguja na Dar na Mombasa ombeni, msiogope Kiingereza cha barua. Visa ya New Zealand lazima. Beba dawa ya kulewa bahari na uinywe kabla hujaanza kulewa, baada ya hapo haisaidii. Nguo zisizo na nata za Velcro zitakuokolea nusu siku ya kuchokonoa mbegu. Na ukishuka Sandy Bay omba uwe kwenye kundi linalopanda kwanza juu kwa royal, maana ukianza na wafalme pale ufukweni muda wote utaishia hapo hapo.